Shairi Langu, Meno Yake

Tak! Tak! Tak! Ndugu yangu, tulisikia mlio huo tukiwa bado mlangoni. Kumbe daktari wa meno anagonganisha mataya ya plasta, mfano wa mdomo wa mdogo wangu.

Akatueleza kuwa taya la chini limebaki nyuma. Ana miaka kumi na miwili, mfupa bado unakua. Tukichelewa, huenda akahitaji upasuaji ukubwani.

Vifaa vya kulivuta mbele ni viwili. Kimoja ni cha kuvua, ila lazima akivae karibu saa zote. Kingine kinagandishwa kwenye meno mwaka mzima, na wiki za mwanzo ulimi unakuwa mzito.

Nikadakia, "Cha kuvua! Wiki ijayo anaghani shairi langu mbele ya shule nzima!"

Mtoto akanigeukia. "Kaka, hicho nitakivua kila siku, najijua. Nataka kisichotoka. Shairi ni lako, meno ni yangu."

Meno ni yangu! Mbele ya daktari! Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi, bingwa wa vina, nikamwambia amwekee hicho kisichotoka.

Sasa anachukuliwa vipimo, nami nazunguka koridoni kama kuku anayetaka kutaga. Kabla mlango haujafungwa nilimwambia kwa sauti, "Shairi nitalighani mwenyewe. Nikikosea, cheka, na usizibe mdomo kuficha hicho kifaa. Sitakasirika, nakuahidi."