Plagi Iliyokatikia Ndani

Kihonda, Morogoro

Kaka Salehe,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nilitaka kuanza nalo, ila mkono umesita. Nitalirudia. Unanijua, hata chumvi dukani naomba kwa kunong'ona.

Hujambo lakini? Uuguzi unaendaje huko Dodoma, na hao wagonjwa mnaojifunzia wanapona? Sisi wazima. Kifua cha mama kimetulia, anakusalimu sana. Uluguru imejifunika mawingu wiki nzima, nguo hazikauki. Mjomba Pazi naye mzima, na kila mteja anayeingia gerejini anaambiwa kwamba Idi hii mpwa anakuja kukabidhiwa funguo. Mpwa ni wewe. Anasema sisi Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo cha mjomba ni cha mtoto wa dada.

Sasa nikupe habari ya gari. Mzee Raphael wa Mazimbu alileta pikapu ya Kimarekani, ikipanda mlima inakohoa. Mjomba akaona ni plagi. Mimi nilikuwa nimepeleka chakula tu, nikaambiwa nikae nisome maelezo ya Kiingereza kwenye simu. Kaka, makubwa! Plagi za injini ile zina mguu mrefu, zimeungwa vipande viwili. Masizi yanagandia kwenye ule mguu, basi ukizungusha kwa nguvu kichwa kinakuja na mguu unabaki ndani. Nikamuuliza mjomba mtu anatengenezaje kitu kama hicho akijua kitakatika. Akasema nikamuulize mwenyewe aliyetengeneza, kwani si mimi ninayejua lugha yake.

Tulilegeza kila plagi kidogo, tukamimina dawa ya kuyeyusha masizi, tukangoja. Halafu unazungusha kushoto kidogo, unarudisha kulia, kama unayembembeleza mtoto asiyetaka kuamka. Ikitoa mlio mwembamba, unaacha. Mjomba akanipa spana nijaribu. Kumbe ule mlio unaupata kwenye kiganja kabla haujafika sikioni! Zikatoka moja moja, nyeusi tii, kila moja nikaigeuzageuza mpaka mjomba akauliza kama nataka kuzila. Adhana ya adhuhuri ikamkuta imebaki moja. Akaenda msikitini, akaniambia niendelee nayo polepole.

Hapo ndipo Mzee Raphael akaingia. Nilikuwa juu ya kreti, nimeinamia injini, spana mkononi. Nawe unajua tulivyolelewa. Nikamwamkia, na goti likapigwa lenyewe. Mkono nikausahau kwenye spana, uzito wangu wote ukashuka nayo. Kak!

Mzee Raphael akaitika marahaba, akaniuliza habari za shule, akaenda kukaa kwenye benchi. Hakujua kwamba shikamoo yake ndiyo imemkatia plagi.

Mjomba aliporudi alitazama spana, akanitazama, akauliza nilikuwa namwamkia nani. Nilipomweleza alicheka hadi akakaa juu ya tairi. Kisha kicheko kikakatika, maana kile kipande kikidondokea ndani, injini nzima inashushwa. Akamwendea Mzee Raphael, akamwambia plagi moja imetukatikia. Alisema imetukatikia, Kaka. Hakunitaja.

Tulichonga meno ndani ya kile kipande, kwa kifaa kilichopakwa grisi ili chuma kinachosagika kisianguke. Tukakaza bolti ndefu humo, juu yake nati inayokanyaga mdomo wa tundu, ili ikizungushwa ivute bolti nje. Mjomba akakamata bolti, akanirudishia spana. Nilitaka kukataa. Akasema mkono uliovunja unajua ilipovunjikia. Nikazungusha nati, sikio limelala karibu na chuma, na kipande kikaja taratibu kama jino bovu. Ninacho hapa mezani. Pikapu ilipowashwa, Mzee Raphael alisema sasa inapumua.

Mjomba akaniangalia nikinawa mikono kwa mafuta ya taa. Akasema nina kiganja. Nikafurahi. Kisha akasema, Salehe akija, utamfundisha hii.

Basi ndilo jambo lenyewe. Kila ninaposwali naomba usirudi. Si kwamba nakuchukia, wewe ndiye uliyenifundisha baiskeli. Naitaka gereji. Nataka kujua kila gari linalia nini. Na mimi pia ni mtoto wa dada, ila mjomba hajawahi kunihesabu, na mimi sijawahi kufungua mdomo. Siku ya Idi akikunyooshea funguo, kama moyo wako uko kwa wagonjwa, nakuomba usizipokee kwa adabu tu. Adabu yangu nimeona ilichofanya. Na kama unazitaka kweli, niambie, nitakufundisha kusikia ule mlio, wala sitakuficha kitu.

Nasikia kandambili za mama ukumbini. Tangu nianze, kila akipita nafunika karatasi hii kwa kitabu cha Fizikia, anadhani nasoma. Sasa anakuja mlangoni kabisa. Kitabu nimekisukuma pembeni. Akiuliza naandika nini, nitamsomea.

Wasalimie wenzako wa chuoni, na ule vizuri.

Mdogo wako,
Mwamvita