Mwarobaini wa Marafa

Mama, shikamoo kutoka Marafa, ukingoni mwa korongo la mawe ya mchanga, jua lisilo na adabu. Ile picha yenu, wewe na marehemu baba mmeegemea mwarobaini, nilitaka kupiga nyingine pale pale. Mama anayetembeza wageni aliitazama, akaelekeza kidevu hewani.

"Hapo mvua ishapachukua. Kila masika twarudisha ua nyuma. Lakini mti wenu uko."

Uko chini kabisa. Uliporomoka na bonge lake la udongo, umeinama, na majani unatoa. Nikashuka, nikauegemea upande wa baba, mama yule akanipiga picha. Mungu akuponye magoti, ushuke nawe. Upande wako nimeuacha wazi.

Mwanao,
Salim