Inchi Moja Chini ya Chumba cha Bi Rukiya

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatano asubuhi

Kwako Dada Hadia,

Salamu za heri kwako na kwa kila anayelala chini ya paa lako. Mimi ni mzima. Kifua kilichonisumbua kimetulia, usingizi ndio bado. Goti lako linaendeleaje? Shemeji ameacha kutembea peku matopeni? Lakini kabla ya yote nataka habari za Zuhura. Anakula? Miguu imevimba? Nijibu kwa maneno kamili, usiniambie tu kwamba binti yako hajambo.

Naandika kwa sababu leo ni siku ya tano simu yako haipatikani. Wanasema mnara wa huko hauna umeme. Barua hii nitamkabidhi dereva wa basi la Garsen pale Mwembe Tayari, naye ataiacha katika duka mnalochukulia mizigo.

Umeniuliza mara mbili kwa nini gari haliji, nami nikakujibu kwamba fundi hajamaliza. Nilikuambia nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni hii.

Ile pikapu ina miaka ishirini na sita, umri wa Zuhura. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Kizingo aliyekuwa akiibebea vyungu vya maua, kwa hiyo maisha yake yote ilikuwa haijawahi kukanyaga tope. Nikaipeleka kwa Fundi Yusufali. Wazee wake walitoka Gujarati zamani, yeye amezaliwa hapa hapa, na gereji yake ni ghala la babu yake ndani ya kichochoro cha Mji wa Kale. Nilimwambia nataka gari litakaloweza udongo mweusi wa kwetu Tana mvua ikinyesha.

Akaongeza vyuma vya springi, likapanda inchi tano. Akavika matairi marefu yenye makucha, likapanda mbili zaidi. Chini ya injini akafunga bamba la chuma. Ubavuni akapandisha bomba la hewa mpaka juu ya paa, ili injini isinywe maji. Hapo alikuwa amemaliza, na ilikuwa miezi miwili iliyopita. Mimi ndiye niliyekuwa sijamaliza. Kila jioni nikitoka kazini nilipita Makadara kwa miguu hadi kwake, na kila jioni nilikuwa na jambo jipya. Nikataka winchi, ya kulivuta gari likikwama. Nikataka keria ya chuma juu ya paa, ya kubebea madumu na mbao za kutia chini ya tairi. Nikataka keria na bomba vichomelewe pamoja, visifungwe kwa bolti, kwa kuwa bolti hulegea.

"Bwana Komora," akaniuliza, "waenda Tana au waenda vitani?"

"Naenda kwa dada yangu."

"Huyo dada yako akaa mwezini?"

Nilicheka, ila sikuacha. Unajua sababu, ingawa hatujawahi kuizungumza. Mwaka jana maji yalipowazunguka, nilikuwa kwenye meza yangu gazetini. Niliandika aya tatu. Ya pili ilisema mama mmoja mjamzito alikwama na pikipiki matopeni saa sita nzima, na mtoto akafia tumboni. Niliiandika hivyo, "mama mmoja", na jioni yake ndipo uliponipigia kuniambia ni Zuhura. Uliponiandikia mwezi uliopita kwamba na mimba hii hatapanda pikipiki tena hata aburutwe, sikumlaumu. Nilikwenda kwa Yusufali nikaagiza winchi.

Jumatatu dereva wa lori aliyetoka Garsen alinieleza kwamba mto umekwisha kuingia mashambani, ila njia ya kwenu bado inapitika. Nikamwambia Yusufali, leo gari linatoka. Likawaka mara moja. Likaenda hatua arubaini, likasimama.

Mbele yetu kulikuwa na chumba cha Bi Rukiya. Kimejengwa juu ya njia, kinaunganisha nyumba mbili, na ni lazima upite chini yake kutoka kwenye kichochoro. Nilitoa futi ya kupimia. Kutoka chini hadi boriti ni futi saba kasoro inchi. Gari lilikuwa futi saba na inchi mbili. Lilipoingia mara ya kwanza, lilikuwa na nafasi ya zaidi ya futi moja juu yake. Miezi minne nimepima springi, matairi, bomba na keria. Njia ya kutokea sikuipima. Na Dada, mshahara wangu naupata kwa kuuliza watu maswali.

Bi Rukiya akafungua dirisha. "Komora! Hilo dude wataka kulipitisha wapi?"

"Hapa chini, Bi Rukiya."

"Hapa chini kwapita watu na punda. Msumeno ukigusa boriti yangu nitaukusanya mji mzima hapa. Chumba hiki ndimo nilimozaliwa."

Nikamwambia Yusufali tukate keria na bomba. Akanitazama. "Mchomeleaji yuko Lamu, arusini. Arudi wiki ijayo. Nawe ndiye uliyesema bolti hulegea."

Nilikwenda nikarudi mara kadhaa pale kichochoroni, kana kwamba boriti ingepanda nikigeuka. Yusufali aliketi kwenye bampa, akamaliza kikombe chake cha kahawa, kisha akasema, "Mchangani twafanyaje? Twatoa upepo."

Tukatoa upepo kwenye magurudumu yote manne. Gari likashuka inchi mbili. Ikabaki moja.

"Sasa nataka nyama," akasema.

"Nyama gani?"

"Watu. Walio wazito."

Wanywa kahawa wa barazani wakapanda nyuma, watano, na vikombe vyao mkononi. Springi zikalalama, gari likashuka, halikutosha. Bi Rukiya alikuwa akitazama yote kutoka juu.

"Mwapandisha vijiti hivyo! Ngojani."

Akashuka na buibui lake, akaagiza kiti, akakanyaga kiti, akapanda.

"Bi Rukiya," mmoja akasema, "ukikaa wewe gari litazama ardhini."

"Nyamaza. Kikombe changu cha juzi hujarudisha."

Alipoketi, nilipima tena. Kidole kimoja cha nafasi. Yusufali akaliendesha polepole kama anayebeba mayai. Keria ilikwaruza mara moja, kipande cha chokaa kikamwangukia Bi Rukiya begani. Kisha tukawa upande wa pili, na watu wakapiga kelele kama tumefunga bao.

Bi Rukiya hakushuka mara moja. Aliniuliza, "Waenda kumtoa nani huko?" Nikamwambia. Nikamwambia pia ya mwaka jana, na zile aya tatu. Hakuna mtu hapa niliyewahi kumwambia. Akanitia kile kipande cha chokaa mkononi. "Mbona hukusema tangu mwanzo? Ningeshuka kabla hamjatoa upepo. Ukirudi, utapapaka chokaa pale palipobanduka."

Gari sasa liko kwenye kituo cha mafuta, matairi yamejazwa. Yusufali ameona mafuta yakivuja kidogo nyuma, anangoja kipuri kesho. Nitaondoka Jumamosi baada ya alfajiri. Sitaongeza kitu kingine.

Sasa sikiliza vizuri. Fundi amenionya kwamba bomba si ruhusa ya kuogelea. Maji yakipita taa za mbele, nisiingie. Ndani ya bahasha utakuta uzi mweusi. Nimeukata kutoka ardhini hadi kwenye taa. Shemeji asimamishe mti pale njia inapozama zaidi, aufunge kitambaa kwa urefu wa uzi huo, na asikadirie kwa macho. Jumamosi adhuhuri atazame. Maji yakiwa chini ya kitambaa, tundika leso kwenye mti wa mwashoki wa upande wenu, nami nitavuka. Yakiwa juu, usitundike kitu. Nitazima injini ningoje upande huu, nanyi mumlete Zuhura kwa mtumbwi. Usitundike leso kwa kunionea huruma. Nikikwama katikati, tutakuwa na wawili wa kuokoa.

Mwambie atakaa mbele, kiti nimekishonea upya. Kutoka hapo hadi hospitali ni lami tupu.

Nisalimie Shemeji, na mama mkwe wake Zuhura aliyenitumia asali. Msalimie mwalimu wetu wa madrasa, umwambie fimbo zake nazikumbuka. Wajomba wote wa ng'ambo ya mto wape salamu watakapofikika. Zuhura usimpe salamu. Mpe begi, alifunge leo.

Na leso iwe nyekundu, Dada. Macho yangu si yale ya zamani, na sitaki kufika pale nikaanza kubahatisha.

Ndimi mdogo wako,
Komora