Ramani Iliyojichora Homa Bay

Adongo pacha wangu,

Hamjambo huko Suna? Huku jua linachoma, lakini leo sikulisikia! Kamati ya maji ilikuja ofisini kuchagua mahali pa kuchimba kisima kimoja tu kilichobaki kwenye bajeti. Nikawafungulia ramani kwenye kompyuta. Mama Awino, mjumbe kutoka karibu na Magunga, akaona nukta ya buluu, alama ya kisima kinachotoa maji, kijijini kwake.

"Hiyo pampu ilikufa zamani," akasema. "Tunachota mtoni pamoja na ng'ombe."

"Ni kweli," padri wa kamati akamuunga mkono. "Nilipita hapo juzi."

Ramani ya karatasi ingerudi Nairobi kuchorwa upya, na kabla haijarudi kisima kingeenda kwingine. Lakini hii yetu, Adongo, si picha iliyochorwa mara moja ikabaki hivyo! Kompyuta huichora upya kila unapoifungua, kutokana na kumbukumbu za kila mahali zilizohifadhiwa ndani. Nikaandika kwamba pampu imekufa, nikabonyeza. Kioo kikawa cheupe. Barabara zikatokea, kisha mito, kisha visima, na nukta ile haipo! Hata wenzetu wa Migori wakiifungua kwa intaneti wataiona hivyo hivyo.

"Ai! Imejichora yenyewe!" mwenyekiti akaruka. "Basi tuchimbe hapo."

Wote wakainua mikono. Mama Awino akanikumbatia: "Erokamano, nyathina! Asante, mwanangu!" Kisha akanivuta hadi sokoni, akaninunulia samaki, ngege wa kukaanga, nikamla mpaka mkia.

Wabusu watoto wote. Laiti ungekuwa hapa, tungepiga vigelegele pamoja!

Apiyo wako