Mwani Kwenye Tangi la Baba

Tabora, Jumapili.

Kaka Sabiri,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dar es Salaam, wewe, wifi na watoto. Sisi hatujambo, na Baba anakusalimu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika ninapokwenda.

Lile tangi la samaki wa maji chumvi ulilomletea Baba baada ya kupata kiharusi, ili asishinde akitazama ukuta, wiki ya tatu liligeuka bwawa la vyura. Lilianza vumbi la kahawia juu ya mchanga, kisha mwani wa kijani, mrefu kama nywele, ukafunika mawe na kioo. Nikiusugua asubuhi, kesho yake umerudi. Samaki wenyewe tukawa tunawaona kwa kubahatisha.

Nilimwita Mwalimu Gerson, jirani yetu anayefundisha baiolojia. Alisema tangi jipya kuota mwani ni kawaida, ila wetu umezidi, kuna kitu unakula. Akaniagiza nilisogeze mbali na dirisha, taa niizime mapema, na kila wiki nibadilishe sehemu ya maji kwa maji safi yaliyotiwa ile chumvi uliyotuma. Nikafanya yote, mwani ukapungua, ukarudi. Hasira zangu nikazimalizia kwa Dafrosa wa nyumba ya pili, nikidai anawatupia samaki makombo akija kumjulia Baba hali. Alininunia wiki nzima, na alikuwa na haki.

Wiki mbili zilizopita nilitoa mawe niyasugue, nikakuta chini yake wali umeoza, mwingi. Nilipomuuliza Baba alijibu taratibu, bila aibu yoyote, kwamba hawezi kula huku viumbe wa watu wanamtazama, asiwakaribishe. Nilicheka. Halafu nilikwenda uani nikalia.

Kaka, ulisema Baba akizidi kukonda utamhamishia kwako, na yeye hataki kuondoka hapa. Ndiyo maana kila ulipouliza nilikujibu kwamba anamaliza chakula. Sahani ilikuwa inarudi tupu, ni kweli, lakini suruali zake, alizozishona mwenyewe enzi za cherehani, nilikuwa nazipunguza kiuno mimi, nikanyamaza. Nilikudanganya. Nisamehe.

Sasa anakula barazani, mbali na tangi, nami nakaa naye. Samaki wanapata chembe chache za chakula chao mara moja kwa siku, na yeye ndiye anayewapa. Ule mkono wa kulia uliogoma kukamua mpira wa mazoezi sasa unasugua kioo kila asubuhi, na hataki nimsaidie. Mwani umebaki pembeni tu. Jana aliomba aongezewe wali, akaumaliza mbele ya macho yangu.

Njoo umwone mwenyewe kabla hujaamua. Ukisema aondoke, sitabisha. Ila ukiwahi kufika asubuhi, utamkuta yuko kazini.

Wifi na watoto wape salamu zangu nyingi.

Mdogo wako akupendaye,
Najiat