Maneno Yaliyozidi Mdomo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na kikohozi cha baba kimepungua. Mimi kwa upande wa mwili sijambo kabisa. Yale yasiyo ya mwili nitakueleza humu humu, ila nakuomba kwanza ukae chini na uvae miwani, maana nakujua: utaanza kusoma umesimama jikoni, sufuria liungue, halafu lawama zije kwangu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Ni kwa sababu ya sauti, Mama. Sauti yangu unaijua kuliko mimi mwenyewe. Hata nilipoigiza yule bibi kizee mwenye wivu katika tamthilia uliyokuwa ukiitazama na wenzako, ulinipigia kuniambia kwamba siku ile nilikuwa na mafua na nimeyaficha. Ningekupigia simu sasa hivi ungenitajia habari yangu kabla sijafungua kinywa. Karatasi haina sauti, basi huenda huku nikafika mwisho.

Kazini tunaendelea. Chumba cha kurekodia ni kile kile, hakina dirisha, kuta zimebandikwa sponji kama godoro ili kelele za barabarani zisiingie, na feni tunaizima kila tunapoanza, kwa hiyo tunatoka humo tumelowa. Filamu zinakuja kutoka nje, sisi tunazitia Kiswahili. Sheria kubwa ya kazi yetu ni mdomo. Mwigizaji kwenye skrini akifunga mdomo, na wewe ufunge wako. Ukiendelea kusema ilhali mwenzio ameshanyamaza, tunasema umezidi mdomo, na fundi mitambo anasimamisha kila kitu ili mrudie. Huyo fundi mitambo ni mwanao Taratibu, kama unavyojua, na kwa jinsi anavyofanya mambo yake polepole, akishasimamisha una muda wa kutosha kwenda kunywa maji na kurudi.

Habari ya kwanza inamhusu yeye, na ataisema mwenyewe, lakini afadhali uipate kwangu kabla. Amepata kazi. Kituo kikubwa cha televisheni, nchi nyingine, mshahara ambao hapa tungeupata labda tukiajiriwa wote wawili na baba mdogo juu yake. Wanataka jibu Jumatatu. Aliniambia tukiwa tumekaa nje ya studio kwenye yale mabenchi, tunakunywa chai, na aliniambia kwa kuzungukazunguka mpaka mkate wake ukalowa na kuzama kikombeni. Kisha akaniuliza mimi naonaje.

Nikamwambia aende. Nilisema haraka, kama mtu anayekataa kuongezwa chakula. Nikamwambia bahati haibishi hodi mara mbili. Akaanza kuopoa mkate kwa kijiko, kisha akauliza kama kweli nadhani aende. Nami nikacheka na kumuuliza abaki hapa kufanya nini. Mama, hilo swali lilitoka mdomoni mwangu mimi, na tangu siku ile linanirudia kila nikiweka kichwa kwenye mto. Methali zote ulizonifundisha zilinikimbia. Ya kuacha mbachao kwa msala upitao ilinijia jioni, nikiwa nafua, wakati hakuna wa kuambiwa.

Hata hivyo wakati ule sikujua ninachokuja kukuambia leo. Nilidhani nina huzuni tu ya kawaida, ya mtu anayeondokewa na ndugu. Ndivyo ulivyotulea. Marehemu mama yake alikuwa akishika zamu ya usiku hospitalini, na mtoto akaletwa kwetu na mto wake kwapani. Tulilala mkeka mmoja, tukapigwa kwa fimbo moja. Mama yake alipokuwa mahututi ulimshika mkono ukamwahidi kuwa mtoto wake ni wako. Umewaambia watu wote mtaani kuwa una pacha wa matumbo mawili. Nilipopata kazi mjini, ulinikabidhi kwake mbele ya baba, ukamwambia anichunge, na ndiyo maana tumepanga vyumba viwili vinavyopakana katika ua mmoja, ukuta katikati.

Sasa ikaletwa filamu. Ni moja ya zile zinazotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu, ambamo kila mtu ana koti zuri, theluji inaanguka kwa adabu, na hakuna anayeonekana kwenda kazini. Msichana na mvulana ni marafiki tangu utotoni. Mvulana anataka kuhama mji, na msichana anatumia saa nzima na nusu kugundua jambo ambalo hata mbwa wa jirani yao alishaligundua mwanzoni. Niliicheka sana filamu ile. Nilimwambia bosi wetu kuwa msichana huyu ni mzito kama gunia la saruji, na bosi akaniambia vizuri, basi mzito huyo nitamwigiza mimi.

Aliyetakiwa kuigiza sauti ya mvulana alikaukiwa koo, sauti ikawa ya bata. Filamu ilishatangazwa kuwa itaoneshwa Jumamosi hii, hakukuwa na muda wa kumsubiri. Bosi akatazama huku na huku, akamwona Taratibu amekaa nyuma ya mitambo yake, akasema huyu naye si ana mdomo. Taratibu alikataa. Alisema kazi yake ni kusikiliza, si kusema. Bosi akakaa yeye kwenye mitambo, akamsukuma mwenzangu ndani, na kwa kuwa maikrofoni ya pili ilikuwa mbovu, tukasimama mbele ya moja, bega kwa bega.

Mwanzoni alisoma kama anasoma tangazo la msiba. Nilijiuma ulimi nisicheke. Bosi akamwambia asiigize, amwambie tu mwenzake maneno yale kama anavyozungumza naye siku zote. Basi akageuka kidogo, akaacha kuangalia skrini, akaniangalia mimi. Akasema yale maneno ya mvulana, maneno ya kawaida tu, kwamba amemjua msichana huyu tangu hajaota meno ya mbele, na kwamba hajui mji wowote ambamo msichana huyo hayumo. Aliyasema kwa ile sauti aliyoitumia nilipolazwa kwa homa, alipokuwa akinisomea gazeti la zamani kitandani. Nilikuwa nimevaa hedifoni, Mama. Sauti ile haikutoka pembeni yangu, ilitoka ndani ya kichwa changu. Moyo ukanilipuka paa, na nikakosa mstari wangu.

Niliogopa. Sitaki kukudanganya kwamba nilifurahi, furaha haikuwepo kabisa. Niliogopa kama mtu aliyeingia chumbani kwake mwenyewe akakuta mlango ambao hajawahi kuuona. Tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri. Nikimsikia anakohoa upande wa pili wa ukuta nasimama katikati ya chumba nikiwa nimeshika ufagio, nasubiri akohoe tena. Nikikutana naye bombani natafuta la kusema, mimi niliyeitwa Kasuku tangu utoto kwa kutonyamaza. Amenitazama mara mbili tatu, ameniuliza kama naumwa. Nimesema ni joto.

Kisha tukafika mwisho wa filamu. Msichana anamkuta mvulana mlangoni na begi lake. Kwenye skripti nilikuwa na mstari mmoja tu: nimwambie asiende, na kwamba nilikuwa mjinga. Basi. Mwigizaji anafunga mdomo, picha inahamia kwenye mgongo wa mvulana, muziki unapanda, wanakumbatiana, kila mtu nyumbani anafuta machozi.

Nilisema asiende. Nilisema nilikuwa mjinga. Mdomo wa mwigizaji ukafungwa, niliuona kwa macho yangu ukifungwa, na mimi nikaendelea. Nikasema nilipomwambia aende sikujua ninachosema. Nikasema hakuna atakayenisubiri nikimaliza kazi, hakuna atakayejua nimekasirika kabla sijakasirika. Nikasema nimezoea kumsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta na sijui watu wasio na hicho kikohozi wanalalaje. Yote hayo nilimwambia yeye, nikimwangalia yeye, na kule kwenye theluji yao hakuna ukuta wala kikohozi.

Nilitegemea bosi asimamishe. Hakusimamisha. Kwa sababu picha ilikuwa kwenye mgongo, maneno yangu yote yalikuwa yamepata nafasi, hayakuuzidi mdomo wa mtu. Akatoka kwenye mitambo anajipangusa macho kwa kanga, akasema hayo ni mazuri kuliko waliyoandika wenyewe, na hayafutwi hata neno moja. Nilimwomba turudie. Nilimwomba mara mbili. Akaniuliza kama nina wazimu.

Na Taratibu? Alivua hedifoni, akaukunja waya wake duara duara kama afanyavyo, akaniambia kuwa leo nimeigiza vizuri kuliko siku zote. Akasema karibu amwamini yule msichana. Halafu akaenda kuwasha feni.

Ameelewa akajifanya hajaelewa, au hajaelewa kabisa? Sijui, na kutojua huku ndiko kunakonimaliza. Nimegonga mlango wake kumweleza ukweli, akafungua, nikaomba chumvi. Siku iliyofuata nikagonga tena, nikaomba chumvi. Sasa nina chumvi ya kutosha kufungua duka, na yeye ameanza kufunga vitabu vyake kwenye maboksi.

Mama, nampenda. Si kama ndugu, si kama pacha. Nampenda kama mwanamke anavyompenda mwanamume anayetaka kuzeeka naye, na nadhani nimempenda muda mrefu bila kuwa na jina la kuiita hali hiyo. Nimeiandika sasa, na imeandikika.

Najua unachowaza. Unawaza ahadi uliyompa marehemu. Unawaza wenzako wa mtaani watakavyosema, kwamba hao pacha walikuwa wakifanya nini chini ya paa moja, na kwamba ulipomkabidhi kunichunga ulimpa fisi bucha. Lakini yeye hajanigusa hata kidole, Mama, na hajawahi kuniambia neno ambalo usingeweza kulisikia. Kama kuna fisi katika habari hii, basi ni mimi. Naogopa unione nimekuibia mtoto. Naogopa yeye akishajua asiweze tena kuja kwako kula bila aibu, na hana nyumba nyingine ya kwenda. Nikinyamaza nampoteza mimi peke yangu. Nikisema vibaya nampotezea mama yake wa pili. Hilo ndilo linalonifanya niombe chumvi.

Na nisingeweza kukuacha Jumamosi ukae sebuleni na wenzako, uwashe televisheni, unisikie. Wao watasikia msichana wa kwenye theluji. Wewe ungesikia mwanao.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Aliyekukabidhi bahasha hii ni yeye mwenyewe. Amekuja kukuaga na kukuuliza kama aende, na unajua kuwa neno lako kwake ni amri. Nimeifunga kwa gundi na nimemwambia ni mambo ya kike, kwa hiyo hajui kilichomo. Bila shaka amekaa pale mbele yako, anakusubiri umalize ili akupe habari ya kazi yake. Tafadhali usimwangalie sasa hivi.

Sikuombi useme kwa niaba yangu. Hayo nataka niyaseme kwa mdomo wangu, bila skrini, na yeye anijibu atakavyo. Akikataa nitakufa kidogo kisha nitaamka niende kazini. Nakuomba jambo dogo. Amepanga kuondoka kesho na basi la asubuhi, arudi huku mjini. Mimi nikimaliza kurekodi nitapanda la mchana, nitafika jua likizama. Kama moyo wako unaweza kunipokea na habari hii, mzuie. Mwambie mlango wa jikoni umelegea, mwambie antena ya televisheni imepinda, mpe chochote kinachohitaji bisibisi, naye hataweza kukukatalia.

Na kama moyo wako umekataa, usinitukane wala usinieleze. Mwache tu apande basi lake la asubuhi, mpe na chakula cha njiani kama ulivyozoea. Nikifika nikakuta kiti chake kitupu nitakuwa nimekuelewa. Nitakuamkia, nitakusaidia kuosha vyombo, na jambo hili sitalitaja tena maishani mwangu.

Nisalimie baba, umwambie dawa yake ya kifua namletea. Wasalimie na majirani wote, hata wale wenye midomo. Mungu akulinde, Mama, na anilindie huyo aliyekaa mbele yako.

Ni mimi mwanao, ninayekuja kesho vyovyote itakavyokuwa,

Kasuku