Lori la Maji Lilipopiga Honi Kwenye Kiwanja cha Mbio

Garissa,
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linakwendaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeshamgawia jirani kama ile ya kwanza? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila jua la huku limenikausha mpaka ukiniona utaniuliza mimi mtoto wa nani.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikimtaja Sahra unasema mtandao mbaya, unampa simu Mwanakombo. Haya, karatasi haina mtandao. Wewe Mwanakombo mdogo wangu, msomee mama yote, usiruke mstari. Akisema mchuzi unaungua, nenda wewe ukautazame, kisha urudi uendelee.

Mama, nataka kumuoa Sahra. Nimelisema mapema usije ukadhani nazungukazunguka. Ni mjane, ana hoteli ya chai mkabala na gereji ninayofanyia kazi, na hana mtoto. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwenye kauli ni kaka yake, Dekow, mfanyabiashara wa mbuzi, mrefu kama mlingoti na hana dogo. Nilipompelekea maneno yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake na yangu, akasema, "Fundi, wewe ngoja kwanza. Wacha mbio iishe, ndio nitakujibu." Basi posa ya mwanao ikaning'inia kwenye mbio za magari.

Najua unauliza, mbio za magari Garissa? Ndiyo mama, tunacho kiwanja. Kilianza kwa ubishi. Kuna mfanyabiashara mwingine wa mbuzi anatoka Griftu, kule upande wa Wajir, na yeye na Dekow kila siku ya mnada hubishana hotelini kwa Sahra nani pikapu yake ina mbio. Wakaanza kufukuzana barabara kuu, mbuzi wamejaa nyuma wanalia, ngamia wa watu wanatawanyika. Wazee wakachoka. Mzee Hirsi, ambaye akikohoa tu watu hunyamaza, akawaita akawaambia, "Kama nyinyi nataka kukimbia, kimbieni mahali mtu hakuna."

Mahali penyewe pakapatikana njia ya kwendea Bura, pana silanga la zamani, yaani bwawa la kuchimbwa la kunyweshea mifugo. Wanyama kwa miaka na miaka wamelizunguka mpaka wamechora njia ya duara, pana, ngumu kama sakafu. Tukafunga gogo nyuma ya pikapu tukalikokota kusawazisha, tukazungushia matawi ya miiba, kiwanja kikawa tayari. Kilichochukua muda ni kuamua magari yazunguke upande gani, maana kila upande ulipochaguliwa kulikuwa na mzee aliyeona vumbi litamjia yeye. Kikao kilikaa wiki mbili. Mwishowe wakahamisha mikeka badala ya magari.

Mbio za kwanza kabisa hazikuwa na mshindi. Huku mama, dereva hampiti mtu anayetembea kwa miguu bila kumbeba, ni aibu kubwa. Sasa watazamaji walikuwa bado wanakuja, wanakatiza kiwanjani kwa miguu. Yule wa Griftu, akiwa mbele, akasimama kumpakia ajuza mwenye vibuyu vya maziwa. Dekow akasimama kumsalimia mjomba wake, na salamu za huku si "hujambo, sijambo" ukaondoka. Waliuliziana watoto, mvua, malisho, ngamia mmoja mmoja. Gari la tatu lilimaliza na abiria tisa. Wazee wakasema hakuna aliyeshindwa, warudie mwezi ujao, na watu wafike mapema.

Hapo ndipo Dekow aliponipa pikapu yake niitengeneze. Wallahi mama, gari lile halikuwa na breki. Nilipomuuliza analisimamishaje, akaniambia anatafuta kichuguu anakipanda. Kwa hiyo mwezi mzima sikugusa injini. Nilibadilisha breki zote nne, mabomba, mafuta, kila kitu. Alipokuja kulichukua akaniangalia kama niliyemuuzia mbuzi kipofu.

"Waryaa! Mimi nimekupa gari ikimbie, wewe natengeneza ya kusimama?"

"Kukimbia linajua lenyewe," nikamwambia.

Alicheka? Thubutu! Alinitangaza soko zima. Watu wakawa wakinipita wananiuliza, fundi, utaiwekea lini kitanda? Hata Sahra aliniletea chai siku hiyo, akasema, "Hamisi, kaka yangu nasema mtu mwoga hawezi kulisha mke." Niliumia mama. Nililala na maneno yale. Lakini gari lisilosimama silitoi mikononi mwangu, ni heri nikose mke.

Siku ikafika. Watu mpaka wa Masalani walikuja. Mimi nikaketi kando ya Dekow, maana alisema kama gari litashindwa, nishindwe nalo nikiwa ndani. Lori la maji likapita kumwagilia vumbi, halafu likasimama pembeni. Ikabaki kuamua ishara ya kuanzia. Bunduki hakuna aliyetaka hata kuisikia ikitajwa. Bendera, vumbi litaificha. Mtu mmoja akasema, basi lori lipige honi mara tatu. Wazee wakasema sawa, madereva wakasema sawa, na mimi mwanao nikaitikia kwa sauti, wazo zuri kabisa.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba lori ni lile lile, na silanga ni lile lile, ambalo wakati wa kiangazi huletewa maji. Na likifika hupiga honi mara tatu, kuwaita wachungaji na mifugo wote walio karibu. Watu walisahau mama, wanyama hawakusahau.

Honi ikalia, tukaondoka. Mzunguko wa kwanza Dekow alikuwa mbele, anapiga usukani makofi kwa furaha. Mzunguko wa pili nikaona miiba ya uzio inatikisika. Nikadhani upepo. Kumbe mbuzi! Mbuzi mia, mbuzi sijui wangapi, wanaruka uzio, nyuma yao ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe ngamia wanakuja kwa mikogo kama wamealikwa harusini. Wachungaji wanakimbia nyuma yao na madumu matupu. Yule wa Griftu akakata kona, akaingia silangani, gari likazama kwenye tope hadi milangoni. Wa tatu akapanda uzio, akabaki juu ya miiba anapiga kelele asiguswe.

Dekow hakuona kitu, alikuwa anatazama kioo cha nyuma anamcheka wa Griftu. Nikapiga yowe, "Ngamia!" Mbele yetu, kwenye mstari wa kumalizia, amesimama ngamia jike wa Mzee Hirsi, mwenye mimba, kiubavu, anatafuta maji yake. Na nyuma ya ngamia ni mikeka ya wazee.

Mama, nilishasoma shahada. Dekow akakanyaga breki kwa miguu miwili. Gari likalia, likainama, likasimama. Yule ngamia akashusha shingo, akakitazama kioo, akakiramba.

Dekow akazima injini. Angemgonga yule ngamia ingekuwa kesi ya koo mbili mpaka wajukuu, na angewafikia wazee, sitaki hata kuandika. Akashuka, akazunguka gari, akainama kuangalia magurudumu yote manne, moja moja. Akarudi dirishani kwangu.

"Fundi," akasema, "Sahra alisema wewe ni mtu ya kutulia. Mimi nilifikiri yeye nakutukana."

Wazee walikaa siku tatu kuamua nani ameshinda. Uamuzi ni kwamba wa kwanza kuvuka mstari alikuwa ngamia, kwa hiyo zawadi, tairi nne mpya, ni za mwenye ngamia. Mzee Hirsi, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, hana gari. Tairi amezikata nusu, mbuzi wake wanazinywea maji. Na honi imepigwa marufuku kiwanjani, sasa tunaanza kwa mtu kupiga sufuria.

Jana Dekow alikuja gereji, akaketi, hakunywa chai ya mtu. Akaniuliza jambo moja tu, "Hooyo yako, mama yako, nasema nini?" Alisema yeye hamtoi dada yake kwenda kwa mwanamke asiyemtaka. Alishaolewa mahali mama mkwe hakumtaka, na akalia sana.

Mama, nilimtazama usoni nikamwambia umekubali, tena unawasalimu. Nisamehe. Sijapata kusema uwongo mkubwa hivi. Najua unachoogopa si Sahra, unaogopa nisirudi Msambweni. Nitarudi, na nitakuja naye. Lakini kwanza njoo wewe, uje na mjomba, nami nitawapokea mwenyewe stendi. Sahra amesikia kwetu hakupikwi bila nazi. Amenunua mbili, hajui hata zinavunjwaje, juzi nimemkuta nyuma ya hoteli anazipiga kwa nyundo ya gereji, maji yamemrukia uso mzima. Akaniuliza, "Hooyo atanicheka?" Jibu unalo wewe.

Nisalimie mjomba Bakari na mkewe, shangazi wa kwa Mwabungo, fundi wangu wa zamani aliyenifundisha kazi, na jirani anayetumia dawa yako. Mwanakombo, mwangalie mama usoni sasa hivi, halafu nipigie uniambie ukweli.

Mimi mwanao, ambaye ameshasema umekubali,
Hamisi